Mjadala: Je, wakati umefika wa mashine pepe kuacha kuiga kadi za sauti za zamani?

MLETA MADA

Ndugu wadau, naleta swali linalohusu kazi inayofanywa na watu wachache na kutegemewa na wengi, yaani uandishi wa draiva za sauti (programu zinazouwezesha mfumo endeshi kutumia kadi ya sauti) kwa ajili ya mashine pepe, kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Kwa miaka mingi, programu kama QEMU na VirtualBox zimeufanya mfumo mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, uamini kwamba umo ndani ya kompyuta yenye kadi halisi ya sauti, iwe Sound Blaster 16 ya mwaka 1992, AC'97 au Intel HD Audio ya mwaka 2004, ili mfumo huo utumie draiva ulizonazo tayari. Upande wa pili ipo virtio-snd, kifaa ambacho hakijawahi kuuzwa dukani kwa sababu kilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashine pepe tu. Draiva yake iliingia katika Linux 5.13 mwaka 2021 kwa kazi ya kampuni ya Kijerumani ya OpenSynergy, na QEMU ikakipokea kifaa chenyewe katika toleo la 8.2 mwishoni mwa mwaka 2023.

Tangu hapo imekuwapo hoja kwamba uigaji wa kadi za zamani uondolewe kabisa. Msimamo wangu ni kwamba nguvu za waandishi wa draiva zielekezwe kwenye virtio-snd, lakini Intel HD Audio isiguswe hadi mifumo endeshi mikubwa itakapokuja na draiva ya virtio-snd ndani yake, kuanzia skrini ya kwanza ya usakinishaji.

Sababu ya kuelekea virtio-snd ni muda. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, chaneli mbili na biti 16, ni baiti 192,000 kwa sekunde, kiasi kidogo mno kwa kompyuta ya leo. Kinachosumbua ni kuwahi. QEMU kwa kawaida huhudumia sauti kila baada ya milisekunde 10, yaani sampuli 480 kwa kila chaneli, na mwenyeji (kompyuta halisi inayobeba mashine pepe) akielemewa kwa muda unaozidi akiba iliyomo katika bafa, eneo la kumbukumbu ambamo sauti husubiri kuchezwa, msikilizaji husikia mikwaruzo au sauti iliyokatika. Kadi inayoigwa huzidisha mzigo huo, kwa kuwa draiva inapogusa rejista za kadi, yaani sehemu ambazo kadi hupokelea amri na kuonyeshea hali yake, prosesa hulazimika kumsimamisha mgeni, kumkabidhi mwenyeji kazi ya kuigiza kile ambacho chuma kingefanya, kisha kumrudisha mgeni alipoachia. Virtio-snd ina foleni nne tu, moja ya amri, moja ya matukio, moja ya sauti inayotoka na moja ya sauti inayoingia. Mgeni huweka kipande kizima cha sauti kwenye foleni na kumbishia mwenyeji hodi mara moja.

Hata hivyo, asidanganyike mtu kwamba draiva hiyo ni rahisi kuiandika. Katika Windows, utaratibu wa kupeleka sauti kwa kadi uitwao WaveRT, uliokuja na Windows Vista, unategemea bafa moja ambayo programu huandika na kadi huisoma yenyewe, huku draiva ikitakiwa kusema kila inapoulizwa kwamba kadi imefika wapi. Virtio-snd haina rejista ya kueleza hilo. Mwenyeji hutaja tu idadi ya baiti zilizochelewa pale anaporudisha kipande kilichokamilika. Mwandishi analazimika kunakili sauti kutoka bafa moja kwenda foleni, kisha kukadiria mahali ilipofika kwa kutumia saa ya mfumo, na makadirio hayo yakipotoka kidogo kidogo, baada ya muda midomo ya mzungumzaji kwenye video hailingani tena na sauti yake. Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu muda, lakini hoja yenye uzito zaidi ni usalama, nawe hukuigusa. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM ndani ya msimbo wa QEMU unaoiga kidhibiti cha diski za flopi. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu mwaka 2004, na hata msimamizi aliyekuwa ameiondoa flopi kwenye mashine yake hakuwa amesalimika, kwa sababu msimbo wenye kasoro ulibaki ukifanya kazi. Uigaji wa Intel HD Audio nao ulipatikana na kasoro yake, CVE-2021-3611 (CVE ni namba ya orodha ya kasoro za usalama zinazojulikana), ambayo ilimwezesha mgeni kuiangusha QEMU kwenye upande wa mwenyeji. Kila kadi ya zamani tunayoendelea kuiiga ni maelfu ya mistari ya msimbo inayopokea maagizo kutoka kwa mgeni tusiyemwamini. Firecracker, programu ya Amazon ya kuendesha mashine pepe, haina kadi ya sauti hata moja, na inabeba mizigo mikubwa bila tatizo. Mimi nasema ziondolewe zote, Intel HD Audio ikiwamo, na anayehitaji sauti atumie virtio-snd.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu zangu, mimi sioni, na ninaishi kwa ufundi wa mifumo ya kompyuta. Naomba niwaeleze maana ya neno "ziondolewe" kwa mtu kama mimi.

Tangu toleo la 1709 la Windows 10 lililotoka mwaka 2017, mtu asiyeona anaweza kusakinisha Windows peke yake: anasubiri skrini ya kwanza itokee, anabonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja, na Narrator, programu ya Windows ya kusoma skrini kwa sauti, inaanza kumsomea. Ndani ya mashine pepe sauti hiyo hutoka kwa sababu mazingira ya usakinishaji yana draiva ya Intel HD Audio ndani yake. Nikichagua virtio-snd, nabonyeza vitufe vilevile na kupata ukimya, na sina njia ya kujua kama mashine imeganda, kama inaniuliza lugha, au kama inasubiri nithibitishe kufuta diski. Kwa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, napata menyu, nabonyeza herufi s na Enter, kisha nasubiri sauti. Nayo pia haina maana ikiwa kadi iliyopo haina draiva katika kisakinishi.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kadi za sauti ziliondolewa kwenye mashine pepe zote kwa agizo la usalama, na kwa muda huo wote ilinibidi nimwombe mwenzangu anisomee skrini kila nilipotaka kusakinisha mfumo. Aliyetoa agizo hakuwa na nia mbaya. Aliiona sauti kuwa burudani. Kwangu mimi sauti ndiyo skrini.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi naandika draiva, na naona wote mnapita pembeni ya suala la nani atalipa. Tangu Windows 10 toleo la 1607, mwaka 2016, draiva mpya ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haipakiwi kwenye kompyuta iliyowasha Secure Boot, kinga inayokagua uhalali wa programu tangu kompyuta inapowaka, bila saini ya kidijitali inayotolewa kupitia tovuti ya Microsoft, na ili kujisajili huko unahitaji cheti cha EV, cheti cha kidijitali cha kuthibitisha utambulisho, ambacho hutolewa kwa taasisi iliyosajiliwa kisheria na hugharimu mamia ya dola. Kijana mmoja anaweza kuandika draiva nzuri kabisa ya virtio-snd, akaiweka wazi kwa kila mtu, na bado watumiaji wake wakaambiwa wawashe hali ya majaribio, inayokubali draiva zisizo na saini ya Microsoft, na kuzima Secure Boot. Hapo ndugu yangu wa usalama atasemaje? Mwenye jukwaa akiamua, kazi hukamilika upesi: Apple iliweka kifaa cha sauti cha virtio katika mfumo wake wa mashine pepe tangu macOS 12, na Linux inayoendeshwa humo hukipokea kwa draiva iliyo kwenye kerneli yake.

MLETA MADA

Nawashukuru. Ndugu wa kwanza, upya wa msimbo si kinga: virtio-snd yenyewe ndani ya QEMU ilipata CVE-2024-7730, bafa kufurika katika njia ya kurekodi. Nakuunga mkono kwamba Sound Blaster 16, AdLib na Gravis Ultrasound hazina sababu ya kuwamo kwenye QEMU inayojengwa kwa ajili ya seva, na mjenzi anaweza kuziacha nje. Intel HD Audio ni suala jingine, na maelezo ya mchangiaji wa pili yanatosha kuitetea: iwe kifaa ambacho msimamizi anakiongeza kwa mashine inayokihitaji, na asinyimwe mfanyakazi anayekitegemea.

Ndugu wa tatu, Red Hat tayari husambaza draiva za virtio za mtandao na diski za Windows zikiwa na saini, kwa hiyo naona draiva ya sauti ipelekwe kupitia njia hiyohiyo badala ya kila mwandishi kutafuta cheti chake. Jambo la kuangalia mapema ni vidhibiti vya sauti, kama vile cha kupandisha na kushusha sauti, kwa kuwa toleo la 1.2 la kanuni za Virtio, zinazoeleza jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, halikuwa navyo na viliongezwa katika 1.3, draiva inayoanza kuandikwa leo ivizingatie.

Aliyekwisha kujaribu kurekodi kwa virtio-snd kwenye mgeni wa Windows, tafadhali aeleze alitumia kipande cha milisekunde ngapi na mwenyeji wake alikuwa na mzigo gani, maana upande wa kurekodi ndio ambao haujajadiliwa hapa hata kidogo.