Wadau naomba ushauri: sukari ya mume wangu inashuka usiku, niagize sindano ya glukagoni?

Mama Shamim (Arua): Wadau, mume wangu ana kisukari cha aina ya kwanza tangu ujana, anajidunga insulini asubuhi na jioni. Zamani sukari ikishuka alitetemeka, akaamka mwenyewe kutafuta soda. Sasa hatetemeki tena. Juzi usiku nimemgusa, fulana imelowa chapachapa, namsemesha ananiita kwa jina la dada yake. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.4, chini mno. Nasikia kuna sindano ya glukagoni ya kupandisha sukari, ila maduka ya dawa ya huku sijaiona. Niiagize Nairobi?

Kijana wa Koboko: Pole mama. Shukuru kataja dada, angetaja jina usilolijua hata hiyo mashine usingeikumbuka 😂

Haji Bombo: Kisukari si mchezo. Marehemu mzee wangu alikuwa nacho kile cha ukubwani, watu wakamjaza maneno ya mululuza, yale majani machungu. Anachemsha kila asubuhi, vidonge kaviacha. Mguu ukakatwa. Vijana, punguzeni posho, yaani ugali.

Nesi Mstaafu: Haji, huyu kauliza mengine. Mwanangu, ndani ya kongosho kuna visiwa vya seli, Mjerumani Langerhans aliviona 1869. Seli za beta zinatoa insulini, inashusha sukari. Za alfa zinatoa glukagoni, inaliamuru ini kufungua ghala lake sukari ipande. Kwa mumeo za beta zimeharibiwa. Za alfa zipo, lakini miaka ikienda haziitikii tena sukari inaposhuka. Na ikishuka mara kwa mara mwili unazoea, hata kutetemeka kunapotea. Usiku anakula nini? Anakunywa?

Mama Shamim: Anakula vizuri tu, posho na maharage. Siku nyingine anachelewa.

Nesi Mstaafu: La pili hujajibu.

Mama Shamim: Ni waragi kidogo na wenzake wakishafunga duka. Si mlevi. Akirudi anasema kashiba, anajidunga, analala. Tumeshagombana sana juu ya hilo, sitaki tena. Ndiyo maana nataka sindano iwe ndani ya nyumba. Na pesa nimeshamtumia binamu yangu Nairobi.

Mtumishi K: Hapo ugonjwa ni waragi. Mlete kanisani.

Nesi Mstaafu: Kwa hiyo uliuliza huku umeshanunua. Sawa. Glukagoni haina sukari ndani yake, inafungua ghala la ini tu. Aliyekunywa bila kula ghala lake linaweza kuwa tupu, na pombe inalizuia ini kutengeneza sukari nyingine. Usiku utakaoihitaji zaidi ndio inaweza kushindwa.

Mpekuzi: Hii chai. Akaunti ya juzi, uzi wa kwanza, anataja dawa ambayo wengi humu hatujawahi kuishika. Kesho "binamu" atatokea na namba ya kutumia pesa.

Kijana wa Koboko: Eh, hata mimi nilijiuliza.

Mama Shamim: Siuzi kitu! Nimejiunga kwa ajili ya jambo hili. Friji sina, insulini yake inakaa kwenye chungu kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga. Mchanga ule naulowesha mimi asubuhi na jioni, chupa nimeifunga na nailoni maji yasiingie. Nani atatunga hayo?

Mpekuzi: Chungu nakubali, bibi yangu Busia alikuwa nacho hivyohivyo. Binamu bado.

Haji Bombo: Mchanga wa mtoni au wowote?

Nesi Mstaafu: Haji, fungua uzi wako. Mama Shamim, sindano ikifika iweke, jifunze kuichanganya mapema. Akiwa anameza vizuri, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale. Akizimia usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, mdunge, na mkimbize hospitali hapohapo, wamtilie glukosi ya mshipani. Usiseme ngoja sindano ifanye kazi. Akinywa, asilale bila kula na kupimwa. Dozi ya jioni waipange upya kliniki.

Mama Shamim: Asante mama. Kliniki ni Alhamisi. Habari ya waragi niiseme mbele yake, au niingie kwanza peke yangu?

Kijana wa Koboko: Peke yako!

Nesi Mstaafu: Ingieni wote. Mwambie leo kwamba utaisema, asishtukizwe mbele ya daktari. Na beba daftari la vipimo, pamoja na ile 2.4.

Mama Shamim: Ile sikuiandika. Naiandika sasa.