Banda letu la kuchorea Ngarenaro linataka kuvunjwa: tuhamie Kisongo au tung'ang'anie?

Dada_Rangi:
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kuendesha sehemu ya sanaa mtaani.

Tuna banda Ngarenaro, hapa Arusha mjini, zamani lilikuwa gereji. Tumelikodi kwa mama mmoja tangu 2016. Katikati ya wiki wachoraji wanne wanafanyia kazi humo, jioni machalii wa hip hop wanafanya mazoezi, Jumamosi ni ya watoto. Sakafu bado ina madoa ya oili. Ukuta wa nyuma una viganja vya kila mtoto aliyepita, na mwaka pembeni. Kuna mmoja alipaka chake akiwa darasa la pili. Leo ndiye anayewafundisha wadogo kuchanganya rangi kwenye makopo ya Blue Band.

Sasa kulia kwetu zimejengwa fremu sita za maduka, kushoto loji ya ghorofa tatu. Tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa kule Olmoti, kila mwenye kiwanja anapiga hesabu upya. Mama katuambia kwa upole: kodi mara mbili, miezi sita kwa mkupuo, la sivyo anavunja ajenge fremu. Simlaumu, anasomesha wajukuu.

Kisongo, nje ya mji, tumepata eneo kubwa, bei nzuri. Wenzangu wanataka twende, mimi moyo unagoma. Watoto wetu wanakuja kwa miguu, wengine wametoka kumsaidia mama kupanga nyanya Soko la Kilombero. Nauli ya kila Jumamosi nani atawapa?

NeemaSakina:
Sisi tulihama tukaenda nje ya mji. Watoto walikuwa thelathini, baada ya miezi mitatu wakabaki wanne. Naumia mpaka leo.

Mzee wa Brashi:
Binti yangu, usihame. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli tu. Alifariki 1972, lakini wanafunzi wake walibaki pamoja Oysterbay, baadaye wakaunda ushirika. Mchoraji akijulikana anakopatikana, hiyo ni mali. Mwombe huyo mama ajenge fremu mbele, nyinyi mbaki nyuma.

Mtu wa Vikundi:
Naunga mkono mzee, ila safari hii muandikishane mkataba, mashahidi wawepo. Je, kikundi kimesajiliwa? Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nakusihi dada, usikope ukalipie kodi. Kopa ununue kitu kinachoingiza, kama mashine ya kuchapa fulana, kodi itoke humo.

Dada_Rangi:
Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Neema, pole sana, hao wanne wamenikosesha usingizi.

Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) tumesajiliwa, halmashauri bado, nitafuatilia. Mkataba hatukuwahi kuwa nao, tulikuwa tunaaminiana tu. Jumatatu naenda kwa mama na hilo la fremu mbele. Jana nimepima kwa tepu ya fundi: sehemu ya nyuma, ukuta wa viganja ukiwemo, ni mita saba kwa nne. Watoto ishirini wanaenea wakikaa chini.