Naomba ushauri: msamaha uje kabla ya fidia au baada?

Wakuu, habarini. Nahitaji mawazo ya wanaosuluhisha migogoro.

Ni shauri la mwaloni (wavuvi wanakoshusha samaki), huku Ilemela, Mwanza. Mtumbwi wa dagaa wenye injini umepita usiku juu ya nyavu za sangara, vipande 12 vimechanika. Mwenye injini anadai boya halikuwa na taa.

Utaratibu ni uleule: kila mmoja asikilizwe peke yake, vipande vihesabiwe mbele ya wote wawili, ndipo waketi pamoja. Shida inaanzia hapo. Wazee wanataka wapeane mikono siku hiyohiyo, yaishe. Msamaha wa kusukumwa haukai. Malipo yakichelewa wiki moja tu, aliyesema "nimesamehe" anarudi na hasira mpya, kwa sababu mwenzake alielewa kusamehewa ni kufutiwa deni.

Nafikiria hati itenganishe mambo. Kwanza kukiri, na si "samahani kama nimekukwaza" (hiyo huwa inawasha moto upya), bali "nilikata nyavu zako, sikupunguza mwendo". Kisha malipo ya awamu 3, kila moja mwishoni mwa giza (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa kwa taa), maana mbalamwezi ikiwaka mwenye dagaa hana kitu mfukoni.

Sasa, tamko la msamaha liingie kwenye hati hiyo, au lisubiri awamu ya mwisho? Na mwenye nyavu akikubali kulipwa lakini akagoma kusamehe, mnafunga shauri? Mimi naona lifungwe. Wazee hawataki hata kusikia.