"Kwangu inafanya kazi": hili jibu limenifika kooni!

Waungwana, salaam. Leo nina hasira, mwenye moyo mwepesi apite uzi mwingine.

Niko Lamu, Langoni. Manahodha wa hapa wametaka kitu kidogo tu: skrini itundikwe gatini, iseme maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi, na bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, ni lini. Mashua za kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa. Ukikosea hesabu unakaa juu ya tope na abiria wako, jua la utosini, mpaka bahari ikuonee huruma. Basi nikapata programu ya bure ya kukokotoa maji, imeandikwa kwa lugha ya C++, siitaji jina. Ukurasa wake unajigamba: inakwenda Linux, Windows, Mac, hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani. Nikasema alhamdulillahi, kazi ya siku moja hii.

Leo ni wiki ya tatu.

CMake, programu inayopanga ujenzi wa kodi, ndiyo iliyoanza kunikatalia. Mwenye mradi ameandika kwamba toleo la chini ni 2.8, na CMake 4.0 ya mwaka 2025 imeshaacha kuelewana na chochote kilicho chini ya 3.5. Hilo nalisamehe, ni uzee, nikalipita kwa kuongeza -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5. Mbele kidogo nakuta CMakeLists.txt, faili la maagizo ya CMake, inatafuta laibrari (kodi za msaada) ndani ya /Users/, kisha jina la mwenyewe, kisha Desktop. Desktop! Yaani mimi wa Lamu niwe na meza ya mtu huyo ndani ya laptopu yangu? find_package, amri ya kutafuta laibrari popote zilipo, iliwekwa ya nini? pkg-config je?

Nikairekebisha. Ikaanza kukompaili, yaani kuigeuza kodi iwe programu, ikasimama. Kodi inaita Tide.h, faili lenyewe linaitwa tide.h. Mac na Windows kwa kawaida hazijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inajali. Maana yake ni moja: huyu bwana hajawahi hata siku moja kuijenga kwenye Linux, na Linux ndiyo ya kwanza kwenye orodha yake ya majigambo.

Bando sasa. Hapa ndipo nilipotaka kulia. Kila nikifuta folda ya build nianze upya, FetchContent ya CMake inakwenda kuvuta laibrari tatu kutoka intaneti, na historia yake yote tangu siku ya kwanza. Mbili kati ya hizo ninazo tayari, nilizisakinisha kwa apt ya Linux! Angeweka FIND_PACKAGE_ARGS, ambayo ipo tangu CMake 3.24, ingeangalia kwanza kama kitu kiko kwenye mashine kabla ya kukimbilia mtandaoni. Angeweka GIT_SHALLOW, isingebeba historia nzima. Mistari miwili. Lakini mwenye nyaya za intaneti ukutani hajui uchungu wa kununua bando usiku, ukaamka asubuhi limekwisha na hujapata hata programu moja inayofunguka.

Nikamwomba mdogo wangu wa Malindi, ana laptopu mpya na intaneti ya maana, anikompailie kwake anitumie. Akanitumia. Kuifungua tu ikafa: amri haramu. Laptopu yangu ni ya 2012. Kumbe ndani ya CMakeLists.txt kuna -march=native, inayomwambia kompaila atumie kila amri ambayo prosesa ya mashine inayojenga inaijua. Prosesa ya Malindi inajua mambo ambayo yangu haijawahi kuyasikia. Ukijijengea mwenyewe, sawa. Kwa programu ya kugawia watu, ni dhambi.

Mwisho nikaifikisha kwenye Raspberry Pi. Skrini ikawaka, watu wakakusanyika, hata punda mmoja akasimama kuziba njia. Ikaandika: maji kupwa, mita 25.5.

Mita ishirini na tano na nusu! Bamvua kubwa la hapa halifiki hata mita 5. Nahodha mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni bahari au ni mnara wa msikiti?" Wakacheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Sababu: maji yakipwa sana hushuka chini ya sufuri ya ramani, kwa hiyo kimo kinakuwa hasi. Bwana yule anakihifadhi kwa desimita (sehemu ya kumi ya mita) ndani ya char, aina ya namba ndogo ya baiti moja. Kwenye kompyuta zetu za kawaida char inakubali hasi, kwenye Linux ya prosesa za ARM, kama ya Pi, haikubali. Hasi 1 ikageuka 255. Dawa ni kuandika int8_t, inayokubali hasi kila mahali, au kumpa kompaila -fsigned-char.

Na msiniambie haya ni mambo mapya. Autoconf ilitoka 1991, na kazi yake ni kuandika vijiprogramu vidogo, kuvikompaili na kuiuliza mashine: una hiki? kile unakielewaje? Ina kipimo kabisa cha hilo suala la char. CMake imekuja 2000, nayo inajua kuuliza. Mtu anaikuta milango yote hiyo ya kuuliza, anaandika majibu ya laptopu yake, halafu anauita mradi wa mashine zote.

Nilimwandikia kwa adabu, nikaeleza moja moja, nikaambatisha marekebisho. Akajibu maneno matatu, mmeyaona kwenye kichwa cha uzi, akaifunga ripoti.

Nimeichukua kodi, naiendeleza mwenyewe. Linux na Pi zinajengeka sasa, ila sina Windows. Mwenye Windows na MSVC, kompaila ya Microsoft, anijaribie leo, nadhani itatoa onyo na kuipuuza -O3 kwa sababu bendera za kompaila zimeandikwa za GCC, kompaila nyingine, peke yake. Acheni majibu hapa chini. Mimi nashuka gatini kuishusha ile skrini, maji yanajaa saa kumi na sitaki kukutana na yule mzee tena.