Naomba ushauri: antivirusi inaondoa programu yetu ya mauzo

Habari zenu wakuu. Nasimamia steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Mauzo na stoo tunaweka kwenye programu tuliyoandikiwa na kijana wa hapa hapa mjini, na haijawahi kutusumbua. Sasa tangu antivirusi ijisasishe, kila nikiifungua programu hiyo, faili lake la exe (lile la kuiwashia) linapelekwa karantini, yaani linatengwa lisifanye kazi, eti ni trojani, kirusi kinachojifanya programu ya kawaida.

Nimelirudisha na kuliweka kwenye orodha ya vitu visivyoguswa, lakini kompyuta ikiwashwa upya linaondolewa tena. Nikalipima VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili yenye antivirusi zaidi ya 70: zilizolalamika ni chache mno, tena kwa majina ya jumla jumla. Kijana anasema faili halina saini ya kidijitali (ya kuthibitisha nani kalitengeneza), huenda ndiyo sababu ya kushukiwa. Kuzima antivirusi sitaki kabisa. Flashi za wateja zinachomekwa humu kutwa nzima.

Nikiruhusu folda nzima badala ya faili moja, si nitakuwa nimewaachia mlango virusi wa kweli? Na wa kuwatumia watengenezaji wa antivirusi hilo faili walikague upya ni mimi au aliyeiandika programu? Hesabu za mwezi zimo humo na mwenye duka anazisubiri.