Kikundi cha Majirani, Tabata: Kijana akiitwa kituoni, alazimike kujibu?

Mama Salma: Shikamooni wazee wangu. Hamisi ameitwa na mpelelezi kesho asubuhi kuhusu pampu ya maji iliyoibwa pale panapojengwa. Baba yake anamwambia aeleze kila kitu, nami nahofia kwamba woga utamfanya aseme hata asiyoyajua.

Mzee Kondo, mjumbe: Marahaba. Mimi naona aeleze yote. Asiye na hatia hana sababu ya kufunga mdomo, na askari akiona kimya atadhani lipo jambo.

Upendo, wakili: Shikamoo, mjumbe. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari anayemhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi amweleze, kwa lugha anayoifahamu, kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hilo ndilo onyo linalotangulia maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi. Akikiri humo kwa hiari yake, maneno hayo yanaweza kutolewa mahakamani dhidi yake, na kuyakana baadaye ni kazi ngumu mno. Inaniuma kuwaona vijana kizimbani wakisomewa maelezo waliyoyatia saini bila kuyasoma.

Baba Khadija: Je, hawatamweka ndani kwa sababu tu amekataa kujibu?

Upendo, wakili: Kutumia haki hiyo si kosa. Hata muda wa kumhoji aliyekamatwa una kipimo: wa msingi ni saa nne, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Ila Hamisi bado hajakamatwa, kwa hiyo aulize kwanza kama ameitwa kuwa shahidi au mtuhumiwa. Shahidi anatakiwa kusaidia upelelezi, lakini naye halazimiki kujibu swali linaloweza kumtia hatiani. Azungumze kwa adabu, asidanganye, maana uongo ni jambo jingine kabisa na kunyamaza. Wala asitie saini asichokisoma.

Mzee Kondo, mjumbe: Na akifika mahakamani akaendelea kunyamaza?

Upendo, wakili: Huko mambo hubadilika, mjumbe. Mahakama ikishaona kwamba ana kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee, naye akachagua kukaa kimya, sheria inairuhusu kuutafsiri ukimya huo dhidi yake. Ndiyo maana nasema kituoni asiharakishe, ili utetezi wake aupange na wakili kabla ya siku hiyo.

Mama Salma: Mwanangu Upendo, Mungu akubariki. Nitakaa naye usiku huu nimweleze taratibu.

Mzee Kondo, mjumbe: Nimekuelewa. Bado naamini kwamba kijana mwenye la kumsaidia alitoe, ila alitoe wakili akiwapo. Mama Salma, asiondoke peke yake. Nitamsindikiza mimi, na hilo la shahidi au mtuhumiwa nitaliuliza pale kaunta kabla hajakaa.