Ulinganisho: wavu wa kuopolea taiga na kambale wakubwa, upi unafaa Mtera?

Kamwene_Iringa

Wakuu, kamwene. Naomba tulinganishe nyavu za kuopolea samaki, zile za ringi na mpini, kwa mtu anayevua kwa fimbo na mshipi. Sizungumzii nyavu za kutega wala kokoro.

Nipo Iringa mjini, nikipata nafasi nashuka bwawa la Mtera. Nalenga taiga, yule samaki mwindaji mwenye meno makali (tigerfish). Kambale naye anakula chambo hicho hicho, na wapo wenye urefu wa mita nzima. Taiga nawarudisha majini, kambale anaenda jikoni. Mara navua ukingoni, mara kwenye boti ya kukodi.

Nimeona aina nne. Ya kwanza ni nailoni ya kawaida yenye mafundo, ringi ya alumini na mpini wa kuvuta unaorefuka. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Ya pili ni mpira mtupu, mfuko mzima umemiminwa kwa mpira, matundu makubwa. Ya tatu ni nyuzi zisizo na mafundo zilizopakwa mpira juu. Hizi mbili za mwisho ni za kuagiza, na bei yake inanifanya nifikiri mara mbili. Ya nne ni kumpelekea fundi nondo na mpini, akanitengenezea ya kwangu.

Nataka kitu kitakachodumu na kisichomwumiza samaki ninayemrudisha. Karibuni.

Mzee wa Migoli

Kijana wangu, umeuliza jambo la maana. Mimi naishi na hilo bwawa, nitakueleza ninavyoona.

Anza na samaki mwenyewe. Taiga meno yake yako nje hata akiwa amefunga mdomo, ya juu yanapishana na ya chini. Akiingia kwenye wavu wa nailoni mwembamba na kutikisa kichwa, anakata nyuzi. Leo tundu moja, kesho lingine, mwisho una dirisha ambalo samaki wa kilo tano anapita bila shida.

Lakini meno si tatizo kubwa kuliko ndoana. Wengi wenu mnavulia chambo bandia chenye ndoana mbili za ncha tatu tatu. Hesabu ncha sita hizo: moja au mbili ziko kwenye taya la samaki, zilizobaki zinaning'inia hewani. Samaki akishaingia wavuni, zile za hewani zinashika nyuzi. Sasa samaki amefungwa kwenye wavu kwa ndoana iliyo mdomoni mwake, na kila akijirusha anavuta taya lake mwenyewe. Hapo ama ndoana inanyooka, ama taya linapasuka, ama wewe unaingiza mkono kumsaidia na ndoana ya pili inakuingia kidoleni, huku ya kwanza bado iko kwa taiga anayeruka. Nimeona mtu akipelekwa zahanati kwa sababu hiyo.

Mpira unaondoa karibu yote hayo. Ncha ya ndoana haipati pa kujisokota, inateleza, na hata ikichoma mpira unaivuta inatoka. Kwa taiga wa kurudishwa, mimi siwezi kupendekeza nailoni yenye mafundo hata ukipewa bure. Mafundo yale yanakwangua ute uliomfunika samaki na kuchana mapezi ya mkia. Ute ndio ngozi yake ya kwanza, ukitoka, ukungu na vidonda vinaingia. Unaweza kumrudisha akaondoka kwa mbio ukafurahi, na bado akafa baadaye mahali usipomwona.

Halafu chukua koleo, ubonyeze ile ncha ya nyuma inayozuia ndoana isitoke. Inasaidia kuliko wavu wowote utakaonunua.

Binti_Nyasa

Shikamoo mzee. Naunga mkono kuhusu mafundo, ila mpira mtupu nina neno nao.

Mimi ni wa Kyela. Kwetu hakuna taiga ndani ya Ziwa Nyasa, tuna mbasa, mbufu na kambale. Mwalimu wangu wa wavu ni mto: Mbaka, Lufilyo, Kiwira. Maji yanashuka kutoka milimani kwa nguvu. Ukiingiza wavu wa mpira mtupu kwenye maji hayo, nyuzi zake nene zinashika maji kama tanga linavyoshika upepo, na wavu unaenda unakotaka mto. Samaki anakupita huku unahangaika kurudisha ringi mahali pake. Nje ya maji nao ni mzito, mkono unachoka kabla samaki hajachoka.

Aina ya tatu, ya nyuzi zilizopakwa mpira, ni nyepesi zaidi na inakata maji vizuri. Ndoana zinanasa kidogo kuliko nailoni tupu. Ndiyo ninayotumia.

Mtera ni bwawa, maji yametulia, kwa hiyo uzito wa mpira utausikia mkononi tu. Ila kama una mpango wa kwenda Kilombero kwa wale taiga wa mtoni, fikiria mkondo kwanza.

Na kwa yeyote anayekuja huku kwetu wakati wa mvua: mbasa wanapanda mito kwenda kutaga. Magamba yao ni madogo madogo, ukiwakwaruza yanabaki wavuni. Tafadhali, yule mwenye mayai asifike hata kwenye wavu. Mwondolee ndoana akiwa majini, aendelee na safari yake. Mbasa wanazidi kupungua na sisi wa mwambao tunaona kwa macho yetu.

Mufindi_Juu

Mimi navua trauti kwenye vijito vya baridi, wavu wangu ni mdogo wa kuning'iniza mgongoni, kwa hiyo kwenye samaki wakubwa sina mengi. Naongeza hili tu: lowesha wavu kabla samaki hajafika. Wavu mkavu, hata wa mpira, unabandua ute.

Fundi_Mwanjelwa

Habari zenu wadau. Naona wote mnazungumzia mfuko, hakuna anayegusa ringi na mpini, na huko ndiko nyavu zinakovunjikia. Nachomelea vyuma hapa Mbeya na watu wananiletea nyavu za dukani zilizokatika kila mara. Karibu zote zimekatikia sehemu mbili: pale ringi inapoingia kwenye mpini, na kwenye kiungo cha mpini wa kuvuta.

Sababu yake ni hii. Tuseme una samaki wa kilo 8, na kutoka kwake hadi mkono wako wa nyuma ni mita 2. Mikono yako imeachana sentimita 50. Ukimnyanyua samaki huku mpini umelala, mkono wa mbele unabeba kilo 32, sio 8. Na ule mpini mwembamba wa alumini unapinda hapo hapo mbele ya mkono, kwenye kiungo. Samaki wa kilo 8 anaonekana wa kawaida kwa wavu ulioandikwa kuwa unabeba kilo 15, lakini waliouandika walipima ukining'inia wima.

Kwa hiyo kwanza: usimnyanyue kwa mpini. Akishaingia, vuta wavu uje kwako, shika ringi yenyewe kwa mikono miwili, pandisha wima.

Pili, kuhusu kuchonga kwangu au kwa fundi mwingine yeyote. Ringi ya upana wa sentimita 70 inahitaji chuma cha mita 2.2. Nondo ya milimita 8 ina uzito wa gramu 395 kwa mita, ringi nzima inakuja kama gramu 870. Ukitumia ya milimita 10 unafika karibu kilo 1.4, na hapo kwenye ncha ya mpini wa mita 2 utajuta. Chukua ya milimita 8, tena ile laini isiyo na mistari, maana mistari inasaga nyuzi za mfuko. Halafu pasua mpira wa kumwagilia bustani, uvalishe ringi nzima. Chuma hakitagonga samaki, na kutu haitagusa mfuko.

Alumini ni nyepesi kweli, lakini mafundi wengi wa mtaani hawana mashine ya kuichomelea. Akikuambia ataibana kwa riveti tu, kataa.

Kamwene_Iringa

Fundi, hesabu hiyo ya kilo 32 imenifumbua macho. Sasa maswali mawili. Mpini uwe wa nini? Na urefu gani, nikizingatia kwamba ukingoni Mtera kuna mamba?

Mzee wa Migoli

Urefu nijibu mimi. Kwenye boti, mita 1.2 hadi 1.5 inatosha. Mrefu zaidi unagonga wenzako na hauwezi kuugeuza. Ukingoni, usishuke chini ya mita 2.5. Uzuri wa mpini mrefu si kumfikia samaki tu, ni wewe kubaki mbali na maji. Usichuchumae kwenye ukingo kumwosha samaki au kutoa ndoana, hasa jioni. Mamba anaiona shughuli ile na kuisikia, na samaki anayepigapiga maji ndiye anayemwita. Simama nyuma, mwenzako mmoja kazi yake iwe kutazama maji. Kiboko naye usimsahau, anapotoka kwenda malishoni njia yake si mahali pa kusimama.

Kuhusu kumwingiza samaki, watu wengi wanamkimbiza kwa wavu. Hapana. Tumbukiza wavu mapema, uutulize chini ya maji, mwenye fimbo ndiye anayemleta samaki juu ya ringi, kichwa mbele. Kichwa kikishavuka ringi, pandisha. Ukimpiga wavu kwa nyuma, mkia unagusa ringi na anaruka mbele kwa nguvu zake zote. Mishipi mingi inakatika hapo. Taiga akiuona wavu akakimbia, mwache akimbie, atarudi.

Na kwa wale wanaotaka kuja: leseni ya uvuvi ipo kisheria, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, muulize afisa uvuvi wa wilaya. Mto huu huu wa Ruaha Mkuu, unaoingia Mtera, ukiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha si mahali pa kwenda na fimbo bila kibali.

Fundi_Mwanjelwa

Mpini: kwenu Iringa mna mianzi ya ulanzi, ukuta wake ni mnene. Chagua uliokomaa, uukaushe kivulini, usiuanike juani ukapasuka. Usitoboe mwanzi kuweka bolti moja kwa moja, utachanika kufuata nyuzi zake. Waambie wakuchomelee bomba fupi la sentimita 30 chini ya ringi, mwanzi uingie ndani ya bomba, na bolti ipite kwenye bomba na mwanzi pamoja, pale palipo na pingili. Nati iwe ya masikio, ya kufungua kwa vidole. Hapo una mipini miwili, mfupi wa boti na mrefu wa ukingoni, kwa ringi moja. Na ukipanda basi unaifungua.

Mwana_Rujewa

Samahani wakubwa, naona wote mmeegemea kwenye mpira. Mimi kambale nawala wote, sirudishi hata mmoja. Je, nailoni ya bei rahisi si inanitosha?

Binti_Nyasa

Kwa samaki wa kula, kaka, hoja ya ute haikuhusu. Nailoni itakutosha, ila angalia kambale alivyoumbwa: ana miiba miwili ya kifuani, akishtuka anaifungua na kuifunga imara pembeni. Ikiingia kwenye matundu madogo ya nailoni, utakata wavu kumtoa. Nimeshuhudia watu wakisimama juu ya kambale na kisu, wanachana wavu wao wenyewe. Mbufu wetu ni vile vile. Tafuta usio na mafundo, mfuko uwe na kina cha kutosha. Kambale ni mrefu na anajua kurudi kinyumenyume.

Mzee wa Migoli

Kweli. Na watakaokushauri utumie upembo wa chuma badala ya wavu: kwa kambale wa kula unafaa, mradi uko boti kubwa na mkono wako hautetemeki. Kwa taiga hapana. Yale makoleo ya kushika mdomo yanasaidia kutoa ndoana, lakini taiga mkubwa usimning'inize nayo wima. Uzito wote unakwenda kwenye taya. Mwache alale ndani ya mfuko, majini, hadi ndoana itoke. Maji ya Mtera yana joto, samaki aliyepigana sana anahitaji pumzi. Mfuko wa wavu uliozama ndio wodi yake.

Kamwene_Iringa

Nashukuruni sana. Nimeamua hivi: mfuko nitanunua, wa nyuzi zilizopakwa mpira, kwa sababu Kilombero naitaka na wavu wa pili sitaki. Ringi na mipini miwili nitachongesha. Nimefikiria ringi ya 70 na mfuko wenye kina cha 65. Fundi, niende kwa fundi wa hapa kesho?

Fundi_Mwanjelwa

Usiende kesho. Subiri mfuko ufike kwanza, uuzungushe ukingo wake kwa futi kamba, ndipo umpe fundi kipimo hicho. Mfuko ulioandikwa 70 unaweza kuwa 66, na ringi ikishafungwa haipunguzwi. Kina cha 65 ni kizuri kwa taiga, maana anaruka, kikiwa kifupi anatoka. Na mfuko uufunge kwenye ringi kwa uzi mnene wa nailoni, sio kwa vile vifungo vya plastiki vya mafundi umeme. Jua linavikausha vinakatika vyote siku moja.